Paipi Yenye Iko Tayari

Benchi yangu iko nyuma ya stoo ya chumvi, pa Kashikishi, kati ya soko na zile meza za miti kwenye bamama banaanika chisense, ile samaki ndogo ndogo ya kung'aa kama misumari mupya. Ni ubao ya bwato ya zamani juu ya matofali, na mbele yake mbabula, jiko yangu ya makala. Mimi ni Cadette, mutu wa Pweto, ngambo ya ziwa. Vita ilinivusha, kahawa ya tangawizi njo inanisimamisha. Namimina tangu jua inatoka mpaka saa tano. Batu yangu ya kila siku ni ine. Boyd, wa kibanda ya simu, tunamuita Satelaiti, sababu hakuna habari inapita juu ya Zambia bila yeye kuidaka. Jairos, muuza chumvi, ni Nusu Pasta: alisoma shule ya Biblia mwaka moja, akaiacha, lakini sauti alibakia nayo. Papa Barthélemy ni Père Soudure, fundi wa kuunga chuma, mukimbizi kama mimi, sikio yake ya kushoto haisikie. Na Lombe, muvuvi, tunamuita Kimya, na ile jina haiombe maelezo. Hatua kumi mbele yetu kuko pompi ya soko, fasi meza zote zinateka mayi ya kunywa. Kama ningejua maneno ya benchi yangu itafika wapi, ile Jumanne ningemwaga kahawa mu majivu na kuenda kulala.

Boyd alifika mbio, simu mu mukono.

– Mulisikia? Jana kampuni ilifanya mukutano kule Nchelenge. Banaleta mashini. Inakunywa mayi ya Mweru, inashika jua, inatoa gaz. Jina yake ni grini haidrojeni.

– Grini ni nini? – aliuliza Jairos.

– Kijani.

– Gaz ya kijani?

– Kijani kama majani ya mihogo. Shemeji yangu alikuwa pale.

– Mu mukutano?

– Pa dirisha. Lakini dirisha ilikuwa wazi.

Jairos alikunywa kahawa, akajipangusa ndevu.

– Njo maana wazee balisema, samaki mukunje angali mubichi.

– Samaki inaingia wapi mu hii habari? – nikamuuliza.

– Mama Cadette, samaki iko mu mayi. Gaz nayo inatoka mu mayi. Unataka nikueleze mara ngapi?

Nikaacha. Na Jairos mutu anachoka haraka.

– Ngojeni, bado sijamaliza, – alisema Boyd. – Gaz itafika kila fasi, na habatachimba hata shimo moja. Njo maneno kampuni ilisema, shemeji aliishika vizuri: gaz itapita mu paipi yenye iko tayari.

– Paipi gani?

– Yenye iko tayari.

– Ba Boyd, – Jairos alishusha sauti, – hapa Kashikishi paipi yenye iko tayari ni ngapi?

Niliona vichwa vinageuka, moja moja, mpaka bote balikuwa banaangalia pompi ya soko. Pale mwanamuke moja alikuwa anajaza ndoo, anaimba wimbo ya kanisa.

Papa Barthélemy hakusikia vizuri, juu Boyd alikaa upande ya sikio ile mbaya. Ikabidi Jairos amurudilie yote kwa sauti ya mahubiri. Alipomaliza, Papa Barthélemy alicheka.

– Hidrojeni? Ile mimi niliifanya! Miaka kumi na tisa mu kiwanda ya baruti, Likasi, kule Congo. Unatia potasse, dawa kali, mu mayi, unatia courant, umeme, mayi inapasuka: upande huu hidrojeni, upande ule oksijeni. Haina buloji, haina uchawi, na haina kijani. Banaita kijani juu courant inatoka ku jua, haitoke ku makala. Ni jina tu, quoi.

– Basi rangi yake ni gani? – aliuliza Boyd.

– Haina rangi.

– Harufu?

– Haina harufu.

– Moto yake je?

Papa Barthélemy alifurahi. Ilikuwa zamani sana mutu hajamuuliza kitu ya kazi yake ya kweli. Huku banamuletea baiskeli na sufuria tu.

– Moto yake, mu jua kali, huione. Haionekane kabisa! Sisi tulikuwa tunatembea na ufagio mbele yetu, hivi. Ufagio ikiwaka ghafla, unajua moto iko pale, unarudi nyuma.

Lombe aliweka kikombe chini. Alikuwa bado hajamaliza kahawa.

Hapa lazima niseme kitu ya Lombe. Miaka mitatu nyuma, yeye na kaka yake mukubwa Kabwe balikuwa banatoka Puta na bwato ya injini. Jeri ya petroli ilimwagika, sijue cheche ilitoka wapi. Lombe aliruka. Kabwe aliruka naye, lakini petroli ilikuwa ilishatandaza juu ya ziwa, na kila alipotoa kichwa kutafuta hewa alikutana na moto. Lombe aliona yote kwa macho yake. Tangu ile siku maneno yake yalipunguka, na akikuambia moto inaweza kukaa juu ya mayi, hauwezi kumubishia.

Papa Barthélemy alikuwa anaendelea, hajamuona.

– Donc, njo maana haiwezi kupita mu paipi ya mayi. Itatokea ku kila robine, kila bomba, itapanda hewani, kwisha. Hata chuma ya zamani inaiharibu, inakauka, inavunjika kama biskuti. Inaomba tuyau, paipi yake yenyewe. Nazani kampuni inasema tuyau ya Ulaya. Kule iko gaz chini ya barabara mpaka ku jiko ya kila nyumba, basi banachanganya hidrojeni kidogo na ile gaz ya zamani. Lakini huku? Huku tuyau ya gaz iko wapi? Munanisikia?

Habakumusikia. Mutu anaweza kusema maneno mia moja, batu bakabeba tatu. Boyd na Jairos balibeba tatu: haina rangi, haina harufu, moto haionekane.

– Unafungua pompi uogeshe mutoto, – alisema Boyd polepole.

– Haba na haba hujaza kibaba, – alisema Jairos.

– Unamuogesha moto!

– Mi nasema HAIWEZEKANE! – Papa Barthélemy alipiga ubao na mukono. – Boyd, nilisema haiwezekane!

– Eya, papa, ulisema. Ulisema pia ufagio inawaka.

Wakati ule njo Nsama alifika kuomba moto ya makala. Nsama alikuwa mukubwa wa bamama ba meza, mwanamuke mufupi, mikono ya nguvu, hana wakati ya muchezo. Boyd alimuelezea habari, na mu maelezo ile paipi ilikuwa ilishafungwa ku mashini tayari, na mashini ilikuwa njiani kutoka Lusaka.

Nsama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alienda ku pompi, akafungua, akakunywa na mikono, akanawa uso, akarudi.

– Niliungua wapi? – aliuliza.

– Ba mayo, bado habajafungua gaz, – alisema Boyd.

– Na wewe, nani alikufungua? – Akachukua makala yake akaenda.

Tulicheka. Lombe peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia meza ya tatu, kwenye muke wake Jessy alikuwa anageuza samaki, tumbo ya miezi saba mbele yake.

*

Kabla ya jua kufika katikati, soko yote ilikuwa inajua. Mi nilisikia habari yangu mwenyewe inanirudilia na nguo zingine. Mama moja wa nyanya aliniambia kule Likasi batu elfu moja baliungua juu ya kunawa mikono. Mwingine asema kampuni itakausha Mweru mpaka matope, tutavuka Congo na miguu. Nikamuambia Papa Barthélemy, akazunguka meza kwa meza kueleza. Ilikuwa kazi ya bure. Ukimuona muzee, sikio moja, analalamika mu Swahili ya Likasi kwa bamama ba Kibemba, mikono inaonyesha mulipuko, batasema nini? Kila fasi alipita, woga iliongezeka.

Jumatano pompi ilikaa peke yake. Bamama balishuka ku ziwa na ndoo. Ilikuwa mwisho ya mvua. Mayi ya pembeni ilikuwa nyekundu, na vyoo vya soko vilikuwa vilishajaa na kumwagikia kule kule. Nsama peke yake aliendelea kuteka ku pompi, na alikuwa anatukana kwa sauti kila mara alipojaza.

– Weye hauogope? – Jairos alimuuliza.

– Mi naogopa wajinga tu, na bamekaa bote pa benchi moja.

Alhamisi asubuhi Lombe alikuja kuazima musumeno ya chuma kwa Papa Barthélemy.

– Ya nini? – aliuliza muzee.

– Kazi.

Kwa Lombe hiyo ilikuwa hotuba muzima. Papa Barthélemy alimupa, akarudilia kahawa yake. Tulikuwa tunaangalia vizuri, sisi bote. Lombe alitembea zile hatua kumi, akapiga magoti mbele ya pompi, akaanza kukata paipi pale inatoka mu udongo. Tulizani anatengeneza kitu. Mi mwenyewe nilizani hivyo. Chuma ililia kidogo, kisha mayi iliruka juu kupita stoo ya chumvi, ikatulowesha bote na mbabula ikazimika.

– Lombe! – Papa Barthélemy alikuwa wa kwanza kusimama. – Lombe, unafanya nini, mungu wangu! Na musumeno YANGU!

Lombe alisimama mu ile mayi, analowa, musumeno mu mukono.

– Jessy anateka hapa, – alisema.

Ni hiyo tu alisema.

Ofisi ya mayi balikuja saa saba, bakafunga paipi kubwa ku barabara, bakaandika mu kitabu. Balisema kifaa ya kutengeneza inatoka Mansa, labda juma mbili. Lombe bakamupeleka kuandikisha jina, bakamuacha. Jioni Nsama alishuka ku ziwa na ndoo yake kama bengine. Nilimuona anapita. Hakuniangalia, na nilielewa kwa nini.

*

Jumatatu, Lombe alikuja mbio pa benchi, hana viatu.

– Jessy, – alisema. – Tumbo. Inatoka mayi tu. Tangu asubuhi.

Jairos alikuwa na mukokoteni ya chumvi. Tulimwaga magunia chini, tukamulaza Jessy juu yake, macho ilishaingia ndani, ngozi ya mikono ilishakunjana kama ya mutu muzee. Papa Barthélemy na Lombe balisukuma mpaka kliniki. Kule bakakuta hema nyeupe, na vitanda vyenye shimo katikati, na batu saba tayari. Bakamunawisha mikono na chlore, bakamufunga sindano mbili za mayi, moja kila mukono.

Nsama alikuwa kitanda ya mwisho. Alipelekwa kabla yao, mapema asubuhi, na dada yake.

Jumanne benchi ilikaa tena. Mi nilifungua juu sijue kufanya kitu ingine. Nilichemsha mayi ya ziwa mara mbili, nikatia tangawizi ya kupita kipimo. Nilizani tutakaa kimya, tutaona haya. Hapana. Boyd alianza hata kabla kikombe haijapoa.

– Munaona sasa? Batu munane. Kampuni ilishaanza.

– Kuanza nini? – niliuliza.

– Kutia gaz mu ziwa. Kidogo kidogo, banapima. Batu banakunywa, tumbo inapasuka. Papa Barthélemy mwenyewe alisema: mayi inapasuka.

Papa Barthélemy aligeuza sikio nzuri.

– Ulisema nini?

– Nilisema weye njo ulisema. Mayi inapasuka, upande huu na upande ule.

– Mugeni njoo, mwenyeji apone, – alisema Jairos, anatikisa kichwa. – Ile kampuni njo mugeni.

– Nani amepona? – nikamuuliza. – Jairos, niambie jina ya mutu moja amepona!

– Ni mezali, Mama Cadette.

– Mezali ni methali, mi najua! Inafanya nini pale?

Papa Barthélemy hakusikia ile yote. Alikuwa bado anaangalia Boyd. Sijaona uso yake namna ile, hata siku tulifika huku na vifurushi.

– Boyd, – alisema. – Ni kolera. Kolera iko mu ziwa tangu babu yako. Batu banaikunywa juu pompi ilikatwa. Pompi ilikatwa juu ya maneno yako, na juu ya maneno yangu, na musumeno yangu. Gaz haiko! Hakuna gaz! Hata kilo moja haijafika mu hii province!

– Kama haiko, – alisema Boyd, – kwa nini banaificha?

Papa Barthélemy aliweka kikombe juu ya ubao polepole, kama mutu anaogopa mukono yake mwenyewe, akasimama akaenda ku karakana yake. Nyuma yake Boyd aliniambia, kwa huruma kabisa:

– Muzee anachoka. Ni ile sikio.

*

Papa Barthélemy alikuwa na kipande ya paipi ya urefu wa mukono, ya pompi ya zamani ya shule. Alikata meno ya kufungia ku miisho mbili, akatafuta viungo viwili kwa fundi mwingine, akaenda ofisi ya mayi kuomba ruhusa. Bakamuambia angoje kifaa ya Mansa. Akakaa pale ku mulango. Masaa ine yote alikaa tu na paipi yake juu ya magoti, kama mutu analeta mutoto ku kliniki. Ku mwisho kijana wa ofisi alichoka kumuruka, akachukua ufunguo, akamufuata.

Wakati muzee alikuwa anachimba udongo, Jairos alikuja kutoka kliniki. Alitembea taratibu, kofia mu mukono.

– Nsama, – alisema. Ile sauti ya mahubiri haikuwako. – Saa hii hii. Dada yake alikuwa anamupangusa mudomo.

Mi nilikaa chini mu udongo. Yeye njo hakuamini. Mu ile soko yote, mwanamuke moja hakuamini hata siku moja, alikunywa mbele yetu bote, alitutukana kama inafaa. Na njo yeye tulimutuma ku ziwa.

Papa Barthélemy aliuliza Jairos arudilie. Jairos akarudilia upande ya sikio nzuri. Muzee alitikisa kichwa, akarudi kufunga kiungo. Alifunga mpaka ufunguo ikamuchubua mukono.

Batu balikuwa balishakusanyika, lakini mbali. Alipomaliza, alimupa kijana ishara, kijana akaenda kufungua paipi kubwa. Papa Barthélemy akafungua pompi mpaka mwisho.

Hakuna mayi ilitoka. Ilitoka hewa. Ilipiga filimbi, ikakohoa, *fffss, fffss*, na hakuna rangi, na hakuna harufu.

Batu balikimbia. Ndoo zilianguka, meza moja ya chisense ikapinduka, Boyd alipita mbele yangu kama mutu wa miaka kumi na tano. Mi niliona miguu yangu inataka kuenda na sikuiruhusu.

– Ni hewa! – Papa Barthélemy alipiga kelele. – Hewa tu, ilijaa mu paipi! Rudieni!

Hakuna mutu alirudi. Basi alitoa kiberiti mu mufuko. Niliona anachomoa njiti, na ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikawaka. Akaiingiza chini ya pompi kabisa, mu ile filimbi.

Njiti ikazimika.

Akawasha ingine. Ikazimika. Akawasha ya tatu, ya ine, na sasa alikuwa analia, anatukana mu Kifaransa na mu Swahili, anawasha, inazimika, mpaka pompi ilikohoa mara ya mwisho na mayi nyekundu ya kutu ikamurukia mu uso. Ilitoka nyekundu, kisha njano, kisha safi. Alikunywa na mikono yote mbili.

Mi nilichukua birika nikaenda kujaza. Nyuma yangu mama moja alikuja, kisha mwingine. Polepole, banajaza nusu nusu, banaangalia.

Boyd naye alirudi, anahema. Aliangalia njiti zilizolala mu matope, akaniambia sikioni:

– Leo habajafungua gaz kabisa. Njo maana.

Nilimumwagia kikombe. Haikuwa ya moto sana, ninajuta.

*

Jessy alitoka kliniki siku ya tano. Alikonda sana, lakini muuguzi aliweka sikio ku tumbo na kusema mutoto bado anapiga moyo vizuri. Siku ile Lombe alileta musumeno.

– Nilikata na yako, – alisema.

– Najua. Uliharibu meno yake, – alisema Papa Barthélemy.

– Papa, mi nasema juu ya Nsama.

– Na mimi.

Balikaa. Lombe aliangalia pompi muda murefu, mikono katikati ya magoti.

– Ungeniambia haionekane, ningekaa, – alisema. – Lakini ufagio. Niliona ile ufagio inawaka. Niliiona usiku yote.

Papa Barthélemy alisikia kila neno, juu Lombe alikaa upande ya kuume. Aliinua musumeno akaangalia meno yake moja moja, na mi nilijifanya napuliza makala.

Tulimuzika Nsama kwao, ku Mofwe. Nyuma ya maziko nilizani Boyd atafunga mudomo hata juma moja. Siku ya tatu alikuwa pale.

– Mi nauliza tu, – alisema. – Batu bote balikunywa ziwa. Kwa nini Nsama? Kwa nini yeye mukubwa wa meza? Kampuni inataka ile fasi ya meza kuweka vioo vya jua. Mukubwa akikufa, nani atakatala?

– Ba Boyd, – alisema Jairos.

– Nauliza tu!

– Boyd, kunywa, – alisema Papa Barthélemy. Hakukasirika hata. Ilishamuishia, kama betri.

Hapo njo yule binti alifika. Alivaa kizibao ya kung'aa, viatu vya mujini vilishapakaa matope mpaka juu, na kifuani alishikilia tablet mu plastiki. Alitusalimia vizuri, na magoti ikikunjwa kidogo kama kwao balimufundisha. Alisema Kibemba ya Lusaka. Mi naiweka huku mu Swahili.

– Ninaitwa Towela. Naomba kahawa, mama. Nimetembea tangu asubuhi.

Nilimumiminia. Alikaa mwisho ya ubao, karibu na Lombe, akakunywa kama mutu wa kiu.

– Natumika ku kampuni ya gaz, – alisema. – Ile ya haidrojeni.

Benchi yote iliganda. Boyd alisogea nyuma mpaka akakaribia kuanguka. Papa Barthélemy aligeuza sikio nzuri, akasema:

– Weye?

– Eya, papa. Nilianza mwezi ulioisha. – Alifungua tablet, akafuta tone ya mvua juu ya kioo. – Balinituma kujaza ripoti. Vitu vyote nilishajaza: ziwa, jua, barabara. Inabakia fasi moja, na bila ile ripoti haiendi. Banaomba picha ya paipi ya gaz yenye iko tayari. Jana nilizunguka boma ya Nchelenge, balinituma Kashikishi. Huku soko, balinituma kwenu. Asema batu ba hii benchi njo banaijua.

Alituangalia, moja moja, na uso ya heshima kabisa.

– Iko wapi?

Boyd, mutu wa habari zote, alikuwa anatafuta kitu mu simu yake, na simu ilikuwa imezimwa. Jairos alikunja kofia yake mu mikono.

– Binti, – alisema Papa Barthélemy, na sauti yake ilianza kupanda, – ni nyinyi mulisema iko. Mu mukutano. Ni kampuni yenu!

– Ripoti ilinifikia ikiwa imeandikwa, papa. Mimi natia picha tu.

– Na bakubwa yako kule Lusaka, banasema iko wapi?

– Banasema iko huku.

Niliona mishipa ya shingo ya muzee inasimama. Nilizani atapasuka. Kisha aliangalia vile viatu vya matope, akaangalia uso ya yule binti, na pumuzi ikamutoka yote. Akakaa.

– Hata mutu moja? – aliuliza Towela. – Kipande tu inatosha.

Ilikuwa Lombe alijibu. Hakugeuka kumuangalia, alikuwa anaangalia meza ya tatu, Jessy amekaa juu ya ndoo, anapumzika.

– Na sisi hatuijue, dada, – alisema. – Tuliikata bila kuiona.

Towela hakuelewa. Alingoja pale, kidole juu ya kioo ya tablet, anatuangalia sisi bote, apate mutu wa kumueleza.